Umeme wa haidrojeni bila platinamu: Afrika itapoteza au itafaidika?

Na Mwandishi Wetu

WANAANGA watatu wa Marekani waliosafiri kwenda mwezini Julai 1969 walikunywa njiani maji yaliyotoka kwenye mitambo yao ya umeme. Chombo cha Apollo kilibeba mitambo mitatu ya aina hiyo, na kila mmoja uliunganisha gesi ya haidrojeni na ya oksijeni bila moto wala moshi, ukatoa umeme, joto na maji.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba ndani ya mitambo hiyo, upande uliopokea oksijeni, hapakuwa na platinamu. Palikuwa na nikeli, madini yaleyale yanayotumika kutengenezea sarafu na vyombo vya jikoni visivyoshika kutu.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mitambo ya namna hiyo, inayojulikana kitaalamu kama seli za fueli, kwa sehemu kubwa inategemea platinamu, moja ya madini ghali zaidi duniani. Magari ya haidrojeni yanayouzwa Japan, Korea Kusini na Marekani yanaitumia. Ndiyo maana maabara za Marekani, China, Canada, Japan na Ulaya zimekuwa zikishindana kutafuta njia ya kuachana nayo, au walau kuipunguza.

Kwa mtazamo wa haraka, hii ni habari ya wanakemia na mabomba yao ya vioo. Lakini takriban asilimia 70 ya platinamu inayochimbwa duniani kila mwaka hutoka Afrika Kusini, na Zimbabwe nayo imo katika orodha fupi ya wazalishaji wakubwa. Kwa upande mwingine, baadhi ya madini yanayotajwa kushika nafasi ya platinamu, yakiwamo kobalti, manganizi na nikeli, nayo yamo katika ardhi ya bara hili. Kwa vyovyote mashindano hayo yatakavyoishia, Afrika itaguswa. Swali ni iwapo itaguswa kama mtazamaji au kama mshiriki.

Kazi ya kichocheo

Ili kuelewa kinachobishaniwa, ni vema kuanza na kazi yenyewe.

Seli ya fueli ina pande mbili. Upande mmoja hupokea haidrojeni, na upande wa pili hupokea oksijeni, ambayo mara nyingi huchukuliwa kwenye hewa ya kawaida. Haidrojeni hutoa elektroni, ambazo hupita katika waya na kufanya kazi tunayoitaka, iwe ni kuwasha taa au kuzungusha mota. Kisha elektroni hizo hufika upande wa oksijeni.

Hapo ndipo penye ugumu. Molekuli ya oksijeni ni atomi mbili zilizoshikana kwa nguvu. Ili ziachane, zinahitaji kupokea elektroni nne. Zikiachiwa zenyewe, hazina haraka. Ndiyo sababu inahitajika kitu cha kuzihimiza bila chenyewe kuliwa, na kitu hicho ndicho kichocheo.

Kichocheo kikiwa dhaifu, hutokea hasara ya aina mbili. Kwanza, umeme hupotea. Kwa hesabu za nadharia, seli moja ya haidrojeni na oksijeni ingetoa volti 1.23, lakini hata ikiwa na platinamu nzuri hupoteza sehemu kubwa ya hizo kwa sababu ya uzito wa oksijeni. Pili, oksijeni inaweza kupokea elektroni mbili tu badala ya nne, na matokeo yake ni peroksaidi, jamii ya ile dawa inayosafishia vidonda. Ndani ya seli, peroksaidi hushambulia kichocheo na utando unaotenganisha pande mbili. Mtambo huchakaa kabla ya wakati.

Platinamu imependwa kwa sababu inaifanya kazi hiyo vizuri na inavumilia mazingira magumu. Udhaifu wake ni bei, na zaidi ya bei, kutotabirika. Mwaka 2008 ulitoa somo ambalo wafanyabiashara wa madini hawajalisahau. Januari mwaka huo, upungufu wa umeme nchini Afrika Kusini ulisimamisha migodi. Kufikia Machi bei ya platinamu ilipanda hadi zaidi ya dola 2,000 za Marekani kwa wakia, na kabla ya mwaka kwisha, dunia ilipokumbwa na msukosuko wa kifedha, ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 900. Ni vigumu kwa mwenye kiwanda cha magari kupanga hesabu za miaka 10 kwa malighafi yenye tabia hiyo.

Kwa nini alkali

Hapa ndipo historia ya Apollo inapopata maana. Mitambo ile ilitokana na kazi ya mhandisi Mwingereza, Francis Thomas Bacon, aliyeanza majaribio miaka ya 1930 na mwaka 1959 akaonyesha hadharani mjini Cambridge mtambo wenye uwezo wa kilowati tano. Mwaka huohuo kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilionyesha trekta lililolima kwa umeme wa seli za fueli.

Siri ya Bacon ilikuwa kimiminika alichokiweka katikati ya seli. Hakutumia asidi. Alitumia haidroksaidi ya potasiamu, alkali kali iliyo ndugu wa kostiki soda inayotengenezea sabuni. Katika asidi, nikeli, kobalti na manganizi huyeyuka na kuisha. Katika alkali huweza kudumu. Zaidi ya hapo, oksijeni hupokea elektroni kwa wepesi zaidi katika alkali, kwa hiyo hata kichocheo cha kawaida kinaweza kufanya kazi nzuri.

Msomaji hahitaji kwenda mwezini kupata ushahidi. Betri ndogo za mviringo zinazowekwa kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, zile zenye karatasi inayobanduliwa kabla ya kutumika, hufanya kazi kwa kuvuta oksijeni ya hewa katika alkali. Kichocheo kinachotumika humo ni oksidi ya manganizi. Huuzwa madukani kwa bei ya kawaida kabisa, bila platinamu.

Kama mambo ni hivyo, kwa nini dunia haikuendelea na njia ya Bacon?

Jibu lina sehemu mbili. Mtambo wake ulihitaji joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi au zaidi. Hilo lilivumilika kwa chombo cha anga, lakini si kwa gari linalopaswa kuwaka asubuhi mwenye nalo anapotaka kwenda kazini. Joto liliposhushwa, nguvu ya nikeli nayo ilishuka. Hata vyombo vya anga vilivyofuata, vile vilivyokuwa vikirudi duniani na kutumika tena, viliendelea na alkali lakini vikarejea kwenye platinamu na dhahabu, kwa kuwa shirika la anga lilijali uzito kuliko bei.

Sehemu ya pili ni hewa yenyewe. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ikikutana na alkali hutengeneza chumvi ya kaboneti, ambayo huziba vitundu vya elektrodi. Mwanasayansi Karl Kordesch, ambaye kuanzia takriban mwaka 1970 aliendesha gari lake dogo aina ya Austin katika barabara za Marekani kwa seli za alkali, huku mitungi ya haidrojeni ikiwa juu ya paa, alilazimika kuichuja hewa kwanza. Gari lilitembea kwa takriban miaka mitatu. Lakini mzigo wa kuchuja hewa, pamoja na hatari ya kimiminika kuvuja, uliwafanya wengi waione teknolojia hiyo kuwa ya usumbufu.

Wenye viwanda wakageukia seli za utando wa plastiki wenye asili ya asidi. Utando hauvuji na hausumbuliwi na kaboni dayoksaidi kwa namna hiyo. Ila asidi ilifunga mlango kwa madini ya bei nafuu, na platinamu ikabaki mfalme.

Mlango wafunguliwa tena

Kilichobadilika katika miongo miwili iliyopita ni utando. Watafiti wamefanikiwa kutengeneza plastiki zenye asili ya alkali, yaani zinazopitisha chembe za haidroksaidi bila kuhitaji kimiminika kinachoweza kuvuja. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Wuhan nchini China lilichapisha matokeo ya seli ya utando wa alkali ambayo upande wa haidrojeni ilitumia nikeli iliyochanganywa na kromiamu, na upande wa oksijeni ikatumia fedha. Nguvu yake ilikuwa ndogo, lakini hoja ilikuwa imethibitishwa.

Sambamba na utando, vichocheo navyo vimepiga hatua. Mwaka 1964 mtafiti Raymond Jasinski aliripoti kwamba kampaundi ya kobalti yenye nitrojeni, iliyo katika jamii ya rangi za viwandani, iliweza kuhimiza oksijeni katika alkali. Kutokana na wazo hilo kulizaliwa familia nzima ya vichocheo ambamo atomi moja ya chuma au kobalti hushikwa na atomi za nitrojeni ndani ya kaboni. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Quebec, Canada, na mwaka 2011 lile la maabara ya Los Alamos, Marekani, yalionyesha kuwa vichocheo vya chuma vinaweza kuikaribia platinamu hata ndani ya asidi. Mwaka huohuo wa 2009 watafiti wengine walionyesha kwamba hata kaboni tupu iliyotiwa nitrojeni hufanya kazi hiyo vizuri katika alkali.

Mwaka 2021 ikaja habari iliyowafanya wengi wageuke. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha South Carolina walitumia kichocheo cha chuma, nitrojeni na kaboni kinachotengenezwa kibiashara, wakaiendesha seli ya utando wa alkali na kupata zaidi ya wati mbili kwa kila sentimita ya mraba ilipolishwa oksijeni safi. Hicho ni kiwango ambacho miaka michache kabla hakikutarajiwa bila platinamu upande huo.

Chuma ni madini yanayopatikana karibu kila nchi. Kaboni inaweza kutokana na mabaki ya mimea. Nitrojeni imejaa hewani. Kwa maneno mengine, malighafi zenyewe si tatizo tena.

Tahadhari kabla ya shangwe

Pamoja na hayo, mwandishi wa makala haya anaona kuna mambo ambayo matangazo ya kampuni na vichwa vya habari huyaruka.

Kwanza, maneno "bila platinamu" mara nyingi huhusu upande mmoja tu wa seli. Katika jaribio hilo la mwaka 2021, upande wa haidrojeni uliendelea kutumia platinamu pamoja na rutheniamu. Sababu ni ya kikemia. Alkali inayomrahisishia oksijeni kazi humtia haidrojeni uvivu. Kichocheo kinachoifanya haidrojeni itoe elektroni zake ndani ya alkali bila madini ghali, kwa nguvu inayotosha gari, bado ni kitendawili kigumu kuliko kile cha oksijeni.

Pili, kuna suala la muda. Majaribio mengi ya maabara hupimwa kwa saa 100 au zaidi kidogo, yaani siku nne au tano. Wizara ya Nishati ya Marekani imeweka lengo kuwa seli za malori makubwa zifikie saa 25,000 ifikapo mwaka 2030. Ukizigeuza saa hizo kuwa siku, ni karibu miaka mitatu ya kufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Umbali kati ya siku nne na miaka mitatu ndio unaotenganisha makala ya kisayansi na bidhaa ya dukani.

Tatu, kaboni dayoksaidi haijaondoka. Utando wa plastiki hauzibwi na chumvi kama kimiminika cha Kordesch, lakini gesi hiyo bado hupunguza nguvu ya seli inayotumia hewa ya kawaida. Mtambo wa namna hiyo utahitaji chujio, na chujio ni gharama.

Nne, haidrojeni yenyewe haichotwi kisimani. Sehemu kubwa kabisa ya haidrojeni inayotumika duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Kichocheo cha bei nafuu hakiifanyi haidrojeni kuwa safi wala rahisi.

Haya si maneno ya kukatisha tamaa. Ni vipimo ambavyo serikali yoyote inayoletewa mradi wa haidrojeni inapaswa kuvidai kabla ya kusaini. Upande upi hauna platinamu? Umejaribiwa saa ngapi? Kwa hewa au kwa oksijeni safi? Haidrojeni itatoka wapi?

Eneo letu limekwisha kuonja mwanzo wa mambo haya. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israel, inayotengeneza seli za alkali zisizotumia platinamu, ilitangaza mtambo unaopata haidrojeni kutokana na amonia, pamoja na makubaliano na kampuni ya Adrian ya Kenya ya kuipeleka mitambo hiyo kwenye minara ya simu isiyofikiwa na gridi. Wazo lenyewe lina mantiki, kwani minara mingi ya vijijini hutegemea jenereta za dizeli, na gharama ya dizeli hiyo mwishoni humfikia mwenye simu. Hata hivyo, tangazo si mtambo, na mtambo mmoja si mtandao. Maswali hayo manne yanafaa kuulizwa kila tangazo la namna hiyo linapotolewa.

Nani atabeba maumivu

Tukirudi kwenye madini, anayetazama mashindano haya kwa wasiwasi zaidi ni Afrika Kusini. Nchi hiyo imejenga sehemu ya matumaini yake juu ya haidrojeni. Mwaka 2008 serikali ilizindua mpango wa utafiti uitwao HySA, ukiwa na vituo katika vyuo vikuu, na lengo lake mojawapo ni kuongeza thamani ya platinamu nchini badala ya kuiuza ghafi. Mei 2022, Rais Cyril Ramaphosa alihudhuria uzinduzi wa lori kubwa la mgodini linaloendeshwa kwa haidrojeni katika mgodi wa Mogalakwena.

Nyuma ya mipango hiyo kuna watu. Jamii za ukanda wa Rustenburg huishi kwa mishahara ya migodi ya platinamu, na dunia ilishuhudia Agosti 2012 huko Marikana jinsi mgogoro wa mishahara hiyo unavyoweza kugharimu maisha, polisi walipowapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34. Sehemu kubwa ya platinamu leo huenda kwenye vifaa vya kusafisha moshi wa magari. Magari ya betri yakizidi kuongezeka, soko hilo litapungua. Haidrojeni ilitarajiwa kuziba pengo. Chuma na nitrojeni vikifaulu, pengo hilo litabaki wazi.

Kongo nayo ina somo lake. Nchi hiyo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka Kolwezi na maeneo jirani ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Kobalti ilitajwa kuwa neema kwa sababu ya betri. Kilichofuata ni viwanda vya betri kuanza kutafuta njia za kuikwepa, na baadhi vimefanikiwa kutumia chuma na fosfeti. Bei ilipoporomoka, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi Februari 2025, na Oktoba mwaka huo ikaweka utaratibu wa mgao. Vichocheo vya kobalti kwa seli za alkali haviwezi kuwa mkombozi, kwani kiasi kinachohitajika ni kidogo, na chuma kinanyemelea nafasi hiyohiyo.

Tanzania, kwa upande wake, ina hazina ya nikeli ya Kabanga wilayani Ngara, mkoani Kagera. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano yanayoipa hisa asilimia 16 katika mradi huo. Nikeli ina wateja wengi kuliko seli za fueli, na hilo ni jema. Lakini mafunzo ya majirani yanabaki palepale.

Somo ni kwamba mwenye madini hana nguvu ya kudumu mbele ya mwenye ujuzi. Kila madini yanapopanda bei au kuzua mashaka, maabara za mbali huanza kuyatafutia mbadala, na mara nyingi huupata. Nchi inayojua kuchimba tu husubiri kuambiwa matokeo.

Nafasi iliyo wazi

Kuna sababu moja ya kuyatazama mashindano haya kwa jicho la matumaini. Utafiti wa vichocheo vya chuma haudai utajiri wa kutisha. Hatua za msingi zinajulikana: chumvi ya chuma huchanganywa na malighafi yenye nitrojeni na kaboni, mchanganyiko ukaokwa katika tanuri la nyuzi 700 hadi 1,000 mahali pasipo oksijeni, kisha ukasafishwa kwa asidi. Vifaa vya kupimia vina gharama, lakini ni gharama ambayo chuo kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi kinaweza kuipangia bajeti. Watafiti katika nchi mbalimbali wameshatengeneza kaboni ya kazi hiyo kutokana na mabaki ya mazao, na mabaki ya mazao si kitu tunachokikosa.

Haitakuwa rahisi, wala si kila maabara itagundua jambo jipya. Lakini nchi yenye watu wanaojua kupima kichocheo haitauziwa mtambo mbovu kwa maneno matamu, na itajua mapema madini yake yanapoanza kupoteza soko. Ujuzi huo peke yake unarudisha gharama ya tanuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la karne hii ni maabara. Platinamu ya Afrika Kusini, kobalti ya Kongo na nikeli ya Kagera zina hesabu zinazoandikwa leo hii katika vyumba vya utafiti vya Wuhan, Quebec na South Carolina. Wanaosomesha wanakemia wetu, na wanaopanga bajeti za kuwasomesha, wana sababu ya kutaka kuisoma hesabu hiyo kabla haijafungwa.